Mji wa kuskusi wahoji deni la wasanifu wa Ulaya

WAKATI wachongaji wengi hutumia mawe, mbao au shaba ili kazi zao zidumu, msanii Kader Attia alichagua chakula kinachoharibika. Mwaka 2009 aliufinyanga mji wa Ghardaïa, ulioko katika jangwa la Algeria, kwa kutumia kuskusi iliyopikwa.

Kuskusi ni punje ndogo za ngano zinazopikwa kwa mvuke, na katika nchi za Afrika Kaskazini huliwa kama ugali uliwavyo kwetu. Zikiwa na unyevu, punje hizo hushikana na huweza kushindiliwa katika kalibu zikatoa umbo la nyumba. Siku za maonyesho zinavyopita, unyevu hukauka, nyufa hujitokeza na kuta huanza kumeguka. Kumeguka huko si kasoro, bali ni sehemu ya kazi yenyewe.

Ghardaïa ni mmoja wa miji 5 ya kale ya Bonde la Mzab, iliyoanzishwa kuanzia karne ya 11 na Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi, ambayo yana wafuasi pia Oman na Zanzibar. Nyumba zake zenye umbo la mchemraba na paa bapa zimepandana kilimani, na kileleni upo msikiti. Mwaka 1982 UNESCO iliiingiza bonde hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kando ya mji huo wa kuskusi, Attia huweka picha za wasanifu wawili wa majengo, Le Corbusier na Fernand Pouillon, pamoja na nakala za waraka wa UNESCO. Le Corbusier alilizuru bonde hilo mwaka 1931, Algeria ikiwa chini ya utawala wa Ufaransa, naye Pouillon alijenga makazi mengi nchini humo.

Ni kweli kwamba Le Corbusier alikuwa amekwisha kubuni nyumba nyeupe zenye paa bapa kabla ya safari hiyo. Kwa hiyo haiwezi kudaiwa kwamba usanifu wa kisasa wote ulitoka Mzab. Hata hivyo, majina ya wageni waliokwenda kujifunza huko yanafundishwa vyuoni duniani kote, ilhali waashi wa jangwani hawatajwi.

Jambo hilo linamgusa Attia mwenyewe. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1970 na wazazi wa Kialgeria, akakulia katika vitongoji vya Paris, ambako wahamiaji wengi waliishi katika maghorofa yaliyojengwa kwa kufuata fikra za usanifu huo wa kisasa.

Mwaka 2016 kazi hiyo ilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Guggenheim, New York. Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki inayodaiwa hapa ni kutajwa kwa wale waliojenga mwanzo.