Malengelenge Huanzia Mjini

Mahujaji wanaotoka Porto, Ureno, kwenda kwa miguu hadi kaburi la Mtakatifu Yakobo huko Santiago de Compostela, Hispania, hutembea kilometa zipatazo 240. Wengi hufika siku moja mapema ili wautazame mji. Hapo ndipo malengelenge huanzia. Porto umejengwa juu ya vilima, mitaa yake ya zamani ni ya mawe, na mnara wa Clérigos, uliokamilika 1763, hupandwa kwa ngazi. Ukishuka kutoka Kanisa Kuu hadi mto Douro, huna budi kupanda tena. Wakati wa kushuka vidole husukumwa mbele ya kiatu. Jasho hulainisha ngozi, nayo ikisuguliwa, tabaka la juu huachana na la chini, na maji hujaa katikati.

Utazame mji, ila kwa viatu ulivyokwisha kuvizoea (vipya ni vya kupigia picha!). Ukisikia mahali panachoma, bandika plasta papo hapo. Lengelenge dogo usilitumbue. Ngozi yake ndiyo kinga. Mwenye kisukari akague nyayo kila jioni, maana huenda asisikie maumivu. Akiona kidonda asiendelee kutembea, amwone daktari.