Anayeisifu Filamu Ametoa Ushahidi

Ukipita jioni katika miji midogo ya machimbo, kuanzia Kakola upande wa Kahama hadi Nyarugusu, Rwamgasa na Katoro upande wa Geita, utaona ubao mweusi umeegemezwa kwenye ukuta wa mabati, umeandikwa kwa chaki majina ya mechi za mpira na majina ya filamu. Ndani mna mabenchi, runinga, spika kubwa, na joto la kumtoa mtu jasho hata wakati wa masika. Wananchi wenyewe wamekwishapaita mahali hapo kibanda umiza, na jina hilo halihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kukaa humo saa mbili juu ya benchi lisilo na egemeo.

Mchimbaji mdogo aliyetoka duarani akanawa uso husimama mbele ya ubao huo na kumwuliza anayetoka: "Ipi kali?" Naye hujibu kwa neno moja au mawili, akaenda zake. Kwa jibu hilo fedha hutoka mfukoni, na saa mbili za maisha ya kijana huzifuata. Sisi twaona kwamba jibu hilo ni ushahidi, na kwamba ushahidi wa namna hiyo hutolewa kwetu kwa wepesi mno.

Wako watakaotuambia kuwa filamu ni burudani tu, na kwamba mtu aliyeshinda chini ya ardhi ana haki ya kumwona steringi akiwaangusha maadui thelathini bila kofia kumdondoka. Haki hiyo hatuikatai. Picha za ngumi zina utamu wake, na kizazi chetu, kilicholelewa na sifa za Bruce Lee na Rambo, hakiwezi kuwakemea vijana wa leo kwa jambo hilo kisichekwe. Tunachokidai ni kwamba mtu akiulizwa na mwenzake, amwambie alichokiona. Walimu wetu wa chuoni, pale tulipofundishwa juzuu kabla ya kufundishwa hesabu, walitufunza kuwa neno la shahidi ni amana. Hatujui kwa nini amana hiyo iishie mlangoni mwa kibanda cha video.

Isitoshe, mikoa hii ina jadi yake ya kuhukumu sanaa. Tangu zamani ngoma za Kisukuma zimechezwa kwa mashindano baina ya pande mbili, Bagika na Bagalu, zinazokumbukwa kwa waanzilishi wake Ngika na Gumha. Makundi mawili huingia uwanjani kwa wakati mmoja, kila moja na manju wake, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Mtazamaji hupiga kura kwa miguu. Uzuri wa utaratibu huo ni kwamba aliyebaki nyumbani hana kura, hata awe mzee wa heshima kiasi gani, na aliyesimuliwa kesho yake kisimani atasikiliza tu.

Mwaka 2006 kanuni hiyo tuliivunja mchana kweupe. Miaka miwili kabla yake, yaani 2004, Hubert Sauper wa Austria alikuwa ametoa filamu ya matukio halisi kuhusu sangara wa Ziwa Victoria, iitwayo Darwin's Nightmare. Kwetu ilipata jina la Mapanki, kwa sababu ya vile vifupa vya samaki vinavyobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa, ambavyo watu wa hali ya chini huvinunua na kuvila. Filamu hiyo iliyopigwa Mwanza iliwaonyesha marubani wa ndege za mizigo, wanawake waliostarehe nao, watoto wa mitaani, na minofu ikisafirishwa Ulaya. Kisha ikadokeza kuwa ndege zinazokuja kuchukua samaki huleta silaha za vita vya nchi jirani. Mwaka 2006 iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mwishoni mwa Julai mwaka huo Rais Jakaya Kikwete aliishutumu katika hotuba yake ya mwezi, na Agosti wananchi wakaandamana jijini Mwanza kuilaani. Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, kwa hiyo habari hii ni yetu pia.

Serikali ilikuwa na haki ya kutetea jina la nchi na soko la samaki wake. Hata hivyo, ni wachache mno miongoni mwa waliolaani waliokuwa wameiona filamu yenyewe, na hapo ndipo tulipojinyima silaha yetu bora. Aliyeitazama kwa makini angeweza kusema kwa uhakika kwamba habari ya silaha imejengwa juu ya dokezo na maneno ya mdomoni, wala hakuna sanduku la bunduki linalofunguliwa mbele ya kamera. Angeweza kusema pia, kwa uhakika uleule, kwamba wale watoto wanaogombea sufuria ya wali hawakukodiwa kutoka nchi ya ng'ambo. Hukumu ya namna hiyo ingemshinda Sauper katika alipokosea na kutusaidia sisi katika alipotuumbua. Badala yake tulimpa jibu ambalo mgeni yeyote angelipuuza: kwamba tumeikataa picha tusiyoiona.

Tuiache Mwanza, turudi kibandani, maana humo yumo mtu mwingine anayetoa ushahidi kila siku bila kuapishwa. Huyo ni mtafsiri, ambaye vijana humwita dijei. Filamu imetoka Marekani, India au Hong Kong. Mtazamaji hajui lugha yake. Dijei huizima sauti ya wenyewe nusu nusu na kutia yake kwa Kiswahili. Kazi hii ni ya zamani kuliko wanavyodhani wanaoifanya. Kati ya 1935 na 1937 wakoloni waliendesha jaribio la sinema za mafunzo kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Zilitengenezwa filamu fupi zipatazo 35, zikazungushwa Afrika Mashariki kwa lori, na maelezo ya lugha za wenyeji yakatolewa kwenye sahani za santuri. Walitaka tufundishwe kuweka akiba benki ya posta na kulipa kodi. Mfasiri alikuwa wao, na maneno yalikuwa yao.

Miongo kadhaa baadaye alitokea Derek Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Lufufu, akaishika kazi hiyo kwa niaba ya watazamaji. Sauti yake ilisambaa kwenye kanda za video na baadaye kwenye diski, na wengi waliomfuata, hapa kwetu na kwa majirani wa Kenya na Uganda, wanafanana naye kwa jambo moja: hawatafsiri tu, bali hutoa maoni. Humkejeli adui, humwonya steringi, huwapa waigizaji wa kigeni majina ya mitaa yetu, na penye ukimya huweka mzaha. Wataalamu wa lugha hukasirika. Sisi hatukasiriki sana. Mtafsiri wa kibandani ndiye mhakiki wa kwanza wa filamu ambaye mchimbaji amewahi kumsikia, na wengi wao wana akili kali ya kuona upuuzi wa hadithi. Tunachomlaumu ni kwamba hachagui. Huisifu kila filamu kwa sauti ileile, kama mnadi wa minadani, na anayesifu vyote hajasifu kitu.

Kuhusu filamu za nyumbani, Shinyanga ina neno la pekee la kusema. Steven Kanumba alizaliwa hapa tarehe 8 Januari 1984, na alipofariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28 tu, umati uliojitokeza kumwaga ulikuwa wa kiasi ambacho msanii wa nchi hii alikuwa hajawahi kukipata. Alianzia michezo ya runinga na kundi la Kaole, akaivusha kazi yake mpaka Nigeria kwa filamu ya Dar 2 Lagos ya mwaka 2006. Kijana wa Shinyanga aliwaonyesha wenzake kwamba sura ya Mtanzania yaweza kuuza kanda Kinshasa na Bujumbura. Heshima hiyo hatuipunguzi hata chembe.

Lakini mapenzi kwa mwana wetu yasituzibe macho juu ya ugonjwa wa filamu za kizazi chake. Hadithi moja ilikatwa vipande viwili ili mnunuzi alipe mara mbili. Gari lilipiga honi getini, mlinzi akaja polepole, akafungua, gari likaingia, likageuzwa, mlango ukafunguliwa, mwenye gari akashuka. Na sisi tuliolipa tukitazama yote hayo kama tumeajiriwa kulilinda geti hilo. Nyumba zilikuwa za kifahari za Dar es Salaam, majina ya filamu yalikuwa ya Kiingereza, na mtu mwenye jembe au sururu alionekana tu alipohitajika mtu wa kuchekwa. Waliolitambua jambo hili mapema ni akina mama, ambao ndio watazamaji wakubwa wa filamu hizo majumbani. Msikilize msusi wa saluni mojawapo ya Kahama akiisimulia filamu aliyoiona jana: atakwambia nani alimsaliti nani, atakwambia kisa hicho kinaweza kutokea au hakiwezi, na atakwambia ni wapi aliamka kwenda kuchemsha chai bila kupitwa na kitu. Huo ni uhakiki kamili. Wanaume wa kibandani wangejifunza kwake.

Sasa tufikie jambo linaloumiza. Tangu mwaka 2007 hivi Kanda ya Ziwa ilichafuka kwa damu ya ndugu zetu wenye ualbino, waliouawa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta bahati ya samaki na dhahabu. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wilayani Bukombe. Machimbo yetu yalitajwa dunia nzima, na hayakutajwa kwa wingi wa dhahabu yake.

Filamu zilitengenezwa juu ya msiba huo. Mwaka 2012 Harry Freeland, Mwingereza, alitoa In the Shadow of the Sun, inayomfuata mwanaharakati Josephat Torner akizunguka vijijini, akisimama mbele ya watu na kuwauliza ana kwa ana kwa nini mtu kama yeye auawe. Mwaka 2013 Noaz Deshe alitoa White Shadow, hadithi ya kubuni ya kijana Alias ambaye baba yake ameuawa na mama akampeleka mjini akajifiche kwa mjomba. Lugha yake ni Kiswahili na ilipigwa Tanzania, na Venice ilipewa tuzo ya filamu bora ya mtengenezaji anayeanza. Sisi twaona hiyo ya pili ina kasoro: kamera hairuhusiwi kutulia, na mtazamaji huchoka kabla ya Alias. Ile ya Torner twaisifu bila kusita. Haina steringi wa risasi, ila ina mtu mmoja anayeingia katika kijiji ambacho huenda muuaji wake amekaa benchi la mbele, naye anaendelea kuzungumza. Kama ukali wa picha ni ujasiri, hatujaona iliyo kali kuliko hiyo.

Swali letu ni hili: ni vibanda vingapi kati ya Kahama na Katoro vimewahi kuyaandika majina hayo kwa chaki? Mwenye kibanda atajibu kuwa hakuna aliyeuliza, na jibu lake ni la haki. Mtu huuliza kile alichosikia kikisifiwa. Waliopaswa kusifu ni waliosoma, walimu, viongozi wa matawi, maofisa utamaduni, na magazeti kama hili; nao walinyamaza, wakamwachia uwanja mwenye picha ya bunduki mlangoni.

Kwa hiyo twapendekeza mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Ofisi za kata zina kumbi, na shule nyingi zina projekta. Jioni moja kwa mwezi ukumbi ufunguliwe, filamu ionyeshwe, na baada yake wananchi waseme. Vijana na akina mama wawe wa kwanza kusimama, na Mwenyekiti asiwe na neno la ufunguzi la nusu saa. Mwenye kibanda naye aubandike mlangoni umri uliowekwa na Bodi ya Filamu, kwa maana Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu 1976, na mtoto wa darasa la nne hana la kufanya humo saa nne usiku.

Na kwa kuwa hatupendi kuwatuma wengine mahali tusipokwenda, twaanza sisi. Mwenye kupenda hadithi ya mapenzi na siasa aitafute Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin aliyeozwa mzee na Denge mwenye vita na mkoloni. Rangi zake ni za kupendeza, ingawa kwa aliyeisoma riwaya itaonekana ina haraka. Lakini kwa ukumbi wa kwanza wa kata tungechagua Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, iliyotengenezwa enzi za Kampuni ya Filamu Tanzania. Inamhusu mwanamke mgonjwa ambaye hospitali haikumsaidia, na woga alio nao kumkabili mganga wa jadi. Katika mikoa yetu, ambako neno mganga limebeba uponyaji na mauaji kwa pamoja, watu watakuwa na mengi ya kusema taa zikiwashwa. Haifiki dakika 40, na anayetaka ngumi hatazipata. Sauti yake ni ya picha za zamani, hivyo jenereta liwekwe mbali na dirisha.