Kompyuta ya Kijana Aendaye Kusomea Uhandisi

Kijana wa Bulwa akipata nafasi ya uhandisi chuoni Dar es Salaam, pengine wazee wake huuza iliki ili wampatie kompyuta mpakato. Mali hiyo ni jasho. Twaonelea haifai kuipoteza kwa kutazama ganda ling'aalo.

Programu ya kuchorea iitwayo SolidWorks hutaka Windows. Basi Mac, ijapokuwa nzuri, itamtaabisha. RAM ya GB 16 yatosha. GB 8 ni kujibana. Hifadhi na iwe SSD.

Lililo zito ni umri wa prosesa, ndiyo ubongo wa chombo. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi takriban prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Kwa hiyo anunuaye iliyotumika, Kariakoo au Tanga, asome namba kabla ya kuuliza bei: i5-7200U ni kizazi cha 7, i5-8250U ni cha 8. Tofauti ni tarakimu mbili tu, na muuzaji hailazimiki kuitaja!

Wala kijana asichukue programu za wizi, ambazo mara nyingi huja na virusi. Autodesk humpa mwanafunzi AutoCAD bila malipo, mwaka hata mwaka, maadamu angali masomoni.