Mtakatifu Kayumba na swali la Nathanaeli

Katika kalenda ya Kanisa hakuna Mtakatifu Kayumba. Lakini mitaani kwetu huenda anatajwa mara nyingi kuliko Mtakatifu Antoni wa Padua. Mzazi akiulizwa mwanawe anasoma wapi, anatazama chini na kujibu, "Yuko Saint Kayumba." Watu wanacheka. Maana yake mtoto yuko shule ya serikali, na akimaliza darasa la saba atakwenda sekondari ya kata, ile iliyo nyuma ya ofisi ya mtendaji. Utani huo una mwiba ndani yake. Shule za kulipia zina majina ya watakatifu wa kweli na mabasi ya njano. Shule ya watoto walio wengi imepewa mtakatifu wa kubuni.

Msomaji wangu, kila mtu ana maoni juu ya shule ya kata. Dereva wa bodaboda anayo, diwani anayo, shangazi aliyekuja likizo kutoka mjini anayo. Ukiuliza ni lini mara ya mwisho mmoja wao aliingia katika darasa la shule hiyo, mazungumzo yanahamia kwenye mpira.

Sura ya kwanza ya Injili ya Yohane inatuonyesha mtu mwenye maoni ya namna hiyo. Filipo alimwendea Nathanaeli akiwa na furaha, akamwambia kwamba wamempata yule aliyeandikwa na Musa na manabii, naye anatoka Nazareti. Nathanaeli akauliza kama mahali pale panaweza kutoa kitu chochote cha maana. Tena huyu hakuwa mtu wa Yerusalemu anayewadharau watu wa shamba. Sura ya 21 ya Injili hiyo hiyo inatuambia alikuwa mtu wa Kana ya Galilaya, na Kana si mbali na Nazareti. Dharau ile ilikuwa ya jirani kwa jirani. Filipo hakubishana naye. Alimwalika aende akajionee, na Nathanaeli akaenda. Kinachonigusa zaidi ni kwamba Yesu hakumkemea kwa maneno yake. Alimsifu kuwa ni mtu asiye na hila. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mnyofu kabisa na bado akawa na maoni ambayo hajayafanyia safari.

Tuwe wa haki. Maoni mabaya juu ya shule za kata hayakuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2004 serikali ilianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, maarufu kama MMES. Wananchi walichanga, wakasomba mawe na mchanga, na Waziri Mkuu wa miaka ile, hayati Edward Lowassa, aliisukuma kazi hiyo kwa nguvu zake zote. Mwaka 2005 nchi yetu ilikuwa na sekondari 1,745. Mwaka 2009 zilikuwa zimepita 4,000. Madarasa yalikimbia, walimu na vitabu na maabara vikafuata kwa mwendo wa kinyonga. Mwaka 2012 karibu watahiniwa sita kati ya kila kumi wa kidato cha nne walipata daraja sifuri. Nchi ilishtuka, Waziri Mkuu akaunda tume, na mwaka 2013 matokeo yale yakapangwa upya. Aliyekuwa mzazi wakati ule hajasahau.

Lakini wapo wenye kumbukumbu ndefu zaidi. Wanaukumbuka wakati ambapo mtoto wa kijijini alifaulu darasa la saba na bado akabaki nyumbani, kwa sababu nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Alifaulu kwenda kuchunga. Leo wapo wauguzi, walimu na askari waliotoka katika madarasa yale ambayo hayakuwa na sakafu. Wengine wanakaa nawe benchi moja kanisani, na hawakuambii walisoma wapi.

Nazunguka shuleni kwa ajili ya vipindi vya dini, na kazi hiyo inanipa nafasi ya kusikia pande zote. Baba mmoja akiombwa mchango wa chakula cha mchana hujibu haraka, "Elimu si ni bure?" Hana kosa lote. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada, na tangu Januari 2016 ile shilingi 20,000 ya mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa hailipwi na mzazi. Hiyo ilikuwa baraka kwa mama anayeuza mchicha. Ila waraka haukuondoa njaa. Mtoto anaondoka nyumbani alfajiri bila chai, anafika shuleni saa moja na nusu, na ikiwa wazazi hawakukubaliana juu ya mahindi na maharage, anakaa hivyo hivyo hadi saa tisa na nusu alasiri. Hesabu za saa nane mchana kwa tumbo tupu hata malaika angezikosea. Wazazi wengine wamekwisha kuchoshwa na michango isiyosomewa mapato na matumizi, na hapo wana hoja. Dawa yake ni kwenda mkutanoni kuuliza, si kumwacha mtoto na njaa.

Hapa naomba uniruhusu niseme jambo la nyumbani. Tunapojenga kanisa, mnara, au nyumba ya mapadri, waamini hawa hawa hutoa saruji, mabati, mbuzi wa mnada na ahadi zinazoandikwa kwenye daftari. Nawashukuru, na sisemi waache. Nasema tu kwamba mtu huyo huyo anayenunua kuku wa mnada kwa bei ya ng'ombe hujificha mwalimu anapopita kuomba debe la mahindi ya mwanawe mwenyewe.

Walimu nao wana yao. Ukimkuta mwalimu wa hesabu katika shule ya kata, mheshimu, maana mara nyingi yuko peke yake. Walimu wa masomo ya sanaa wanapatikana. Wa hesabu na sayansi ni adimu kiasi kwamba shule nyingine zinategemea kijana wa kujitolea aliyemaliza chuo na anasubiri ajira. Mwalimu huyo anasahihisha madaftari usiku, anaishi chumba cha kupanga, na anasikia kule kilabuni akiitwa mvivu na watu ambao hawajui rangi ya geti la shule. Wengi wanasema kinachowakatisha tamaa kuliko mshahara ni upweke. Wanaitisha mkutano wa wazazi, wanakuja akina mama wachache na babu mmoja. Matokeo yakitoka, wanakuja wote.

Lakini nao niwaulize walimu swali gumu, kwa upendo. Mtoto wako mwenyewe anasoma wapi? Wengi wamempeleka kwingine, na sina jiwe la kumtupia mtu anayemtafutia mwanawe mema. Padri hana ada ya kulipa, ni rahisi kwake kusema. Hata hivyo wanafunzi wanajua. Mtoto akigundua kwamba mpishi hali chakula alichokipika, hata wewe usingemlaumu kwa kukitazama mara mbili.

Wanafunzi ndio wanaoulizwa maoni kwa nadra, na ndio wenye mengi. Jambo la kwanza wanalosema ni lugha. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Anajua usanisinuru, anajua sehemu za ua, anajua kipeuo cha pili. Januari anaingia kidato cha kwanza, na vitu vyote alivyovijua vimebadilishwa majina. Wiki za mwanzo hutumika kumfundisha Kiingereza, kisha masomo yanaanza. Mwalimu mwenye huruma anaeleza kwa Kiswahili ili aeleweke, halafu mtihani unakuja kwa Kiingereza. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliniambia darasani kwao wamejifunza kunyamaza. Ukijibu kwa Kiswahili unakosolewa, ukijaribu Kiingereza unachekwa. Aliyekuwa anainua mkono kila mara katika shule ya msingi sasa anakaa nyuma. Mzazi nyumbani anasema, "Huyu mtoto sekondari imemharibu akili." Hapana. Hakuna kilichoharibika. Anajua, ila mdomo wake umefungwa. Tunaosoma Injili tunajua habari za bubu waliofunguliwa ulimi, lakini hawa tumewapita mlangoni.

Jambo la pili ni viboko. Hapa wanafunzi wanaongea kwa sauti ya chini. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini, na viandikwe kitabuni. Wazazi wengi hawajui kwamba kitabu hicho kipo. Wengine wanamwambia mwalimu, "Mchape tu, mimi nyumbani amenishinda." Mzazi anayesema hivyo amekabidhi kitu ambacho hakutakiwa kukikabidhi.

La tatu ni njia. Kata nyingine ni pana, shule ni moja. Mtoto wa mbali anapangishiwa chumba karibu na shule, kile wanachokiita geto. Ana miaka 14, anapika mwenyewe, anafunga mlango mwenyewe usiku. Kwa msichana sina haja ya kueleza kinachofuata. Tangu Novemba 2021 aliyepata ujauzito anaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua, na nashukuru. Lakini kurudi kunahitaji mtu wa kubaki na mtoto mchanga, na bibi asiyemsengenya. Jumuiya ngapi Ndogo Ndogo za Kikristo zimewahi kuliweka jambo hilo kwenye ajenda, baada ya Rozari na kabla ya sadaka?

Nathanaeli aliposogea karibu aligundua kwamba Yesu alikuwa amekwisha kumwona chini ya mtini, kabla Filipo hajamwita. Nafikiri ni hivyo hivyo kwetu. Tunadhani sisi ndio tunaoitazama shule ya kata na kuitolea maoni. Kumbe watoto wale wanatuona kila siku. Wanaliona basi la njano likiwapita kwenye vumbi, na kupitia dirishani wanawaona wenzao wa Utoto Mtakatifu, wale waliobeba nao mishumaa Jumapili. Wanajua ni shule ipi inatajwa kwenye matangazo ya kanisa na ipi haitajwi kamwe.

Kanisa letu lina shule nzuri, nami nimelelewa katika mojawapo, seminari. Tulifanya mtihani wa kuingia, tukachujwa kama unga. Kabla Baraza la Mitihani halijaacha kutangaza shule kumi bora, mwaka 2023, seminari na shule za masista zilizoea kuwa juu ya orodha, na tulipiga makofi. Ni halali kufurahi. Lakini kuilinganisha shule inayochagua na shule inayopokea kila aliyefaulu ni kuwashindanisha mtu aliyepanda farasi na aliyebeba mzigo. Mwalimu Julius Nyerere alifundisha Pugu ilipokuwa shule ya Kanisa, kisha serikali yake ikazitwaa shule za misheni, Pugu ikiwamo. Wapo wazee wetu waliolisikitikia jambo hilo hadi kufa. Majengo yalibadili mwenyewe. Watoto walibaki kuwa wale wale, na wengi walikuwa wamebatizwa.

Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko juu ya malezi ya Kikristo. Watu hulikumbuka kwa yale linayosema kuhusu shule za Kikatoliki. Hawakumbuki kwamba linalitaka Kanisa liwe karibu, kwa upendo wa pekee na msaada, na wale wengi wanaosoma katika shule zisizo zake. Katika parokia nyingi hao ndio watoto wetu karibu wote. Padri mmoja na katekista mmoja wenye kipindi kimoja kwa wiki hawatoshi kuitwa ukaribu. Una mwalimu mstaafu wa Kiingereza katika jumuiya yako. Una fundi seremala anayeweza kutengeneza dawati. Una mama mwenye chumba karibu na shule, ambaye angekubali kuishi na msichana wa mbali kama binti yake.

Tena muda ni mfupi. Kwa sera ya elimu ya sasa, toleo la 2023, shule ya msingi itakuwa ya miaka sita, na elimu ya lazima itakuwa ya miaka kumi. Mpango ni kwamba mwaka 2027 wamalize pamoja darasa la sita na la saba, na Januari 2028 waingie kidato cha kwanza kwa mkupuo. Makundi mawili, mlango mmoja. Wengi wao watapokelewa na Mtakatifu Kayumba.

Katika parokia ninayohudumia tumekubaliana kwamba barua ya mkutano wa wazazi wa shule ya kata isomwe mwishoni mwa misa, mara baada ya matangazo ya ndoa. Wazee wawili wa kanisa waliona hapo si mahali pake, mmoja akaniuliza kama sasa tutasoma na za zahanati. Barua inaendelea kusomwa. Mkutano uliopita akina baba walikuwa tisa.