Sura ya Sita: Uzito, Mshiko na Miinuko Mikali

Miongoni mwa wajenzi wa reli za mfano, yaani zile zinazotandazwa mezani au bustanini kwa vipimo vilivyopunguzwa, hakuna imani iliyoota mizizi kuliko ile isemayo kwamba injini ikishindwa mlima dawa yake ni mota yenye nguvu zaidi. Imani hiyo haina msingi. Injini inayoshindwa mlimani kwa kawaida haizimiki, bali magurudumu yake huzunguka papo hapo yakiteleza, na jambo hilo peke yake latosha kuonyesha kwamba nguvu ipo tele na kinachokosekana ni mshiko, yaani msuguano kati ya gurudumu na reli, ambao hutegemea uzito uliolala juu ya magurudumu yanayoendeshwa. Kwenye reli safi na kavu, injini ya mfano yenye magurudumu ya chuma huweza kuvuta takriban moja ya tano ya uzito huo; mota ikiongezwa ukubwa mara kumi, kiasi hicho hakibadiliki.

Sura hii imepangwa kueleza kwanza mshiko, kisha mwinuko, na mwisho kona. Ichukuliwe injini ya gramu 400 inayoendeshwa na magurudumu yake yote, ambayo mvuto wake hautazidi gramu 80, na mabehewa ya gramu 100, ambayo kila moja hudai gramu 3 hivi ili lisogee kwenye njia tambarare. Injini hiyo itavuta mabehewa 26. Kwenye mwinuko wa asilimia 3, yaani wa kupanda sentimita 3 kwa kila mita, kila behewa hudai gramu 3 nyingine, na injini hutumia gramu 12 kujipandisha yenyewe, hivyo mabehewa yanayowezekana hubaki 11.

Hapo ndipo hutokea kosa la pili, la kudhani kwamba mwinuko huiumiza reli ya mfano kuliko reli halisi, ilhali kwa uwiano mambo ni kinyume kabisa. Behewa halisi huviringika kwa wepesi mno, likidai kilo 3 hivi kwa kila tani, kwa hiyo mwinuko wa asilimia 1, unaoongeza kilo 10 kwa tani, huuzidisha mzigo zaidi ya mara nne, wakati behewa la mfano lenye ekseli nzito kuzunguka huongezewa theluthi tu.

Hakuna mfano unaodhihirisha faida ya uzito ulio juu ya magurudumu yanayoendeshwa kuliko injini za mvuke za Garratt za daraja la 59 za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, 34 kwa idadi, zilizojengwa na Beyer, Peacock ya Manchester kuanzia 1955. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na ilivuta tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi kwenye miinuko ya asilimia 1.5, na siri yake haikuwa ukubwa wa bwela peke yake. Bwela lilining'inizwa kati ya mabehewa mawili ya injini, na matangi ya maji na mafuta yakawekwa juu ya mabehewa hayo, ili mzigo ambao injini nyingine huuburuta nyuma uyakandamize magurudumu 16 ya kuendesha. Kasoro yake ni kwamba mshiko ulipungua kadiri maji yalivyotumika, kasoro ambayo mjenzi wa mfano haimhusu, kwa kuwa risasi anayoijaza ndani ya matangi hayo haichemki. Anayetaka kuona mpangilio huo kwa macho yake ataukuta kwenye injini namba 5918, Mount Gelai, katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi.

Kuhusu wale wanaopaka mafuta juu ya reli kwa madai kwamba treni hupanda vizuri zaidi, inatosha kusema kwamba mafuta hulainisha, na ndiyo kazi yake. Bustanini tayari kuna umande na ute wa konokono. Haihitajiki utelezi wa kununua. Mipira inayovishwa magurudumu huongeza mshiko kweli, lakini gurudumu lililovishwa halipokei umeme kutoka kwenye reli.

Kona huongeza mzigo juu ya mwinuko, na behewa jepesi likitangulia mbele ya mazito huvutwa ndani ya kona hadi likaanguka, kwa hiyo mazito hukaa karibu na injini. Katika njia inayozunguka kama parafujo ili kupanda ghorofa, duara lenye nusu kipenyo cha milimita 600 lina mzingo wa milimita 3,770, na likipanda milimita 90 kwa kila mzunguko, mwinuko huwa asilimia 2.4. Penye njia mbili sambamba, ya ndani ni fupi zaidi na hivyo ni kali zaidi, kwa sababu hiyo treni zinazopanda hupitishwa njia ya nje na zinazoshuka huachiwa ya ndani.