Fahamu: Mazoezi wakati wa kusafishwa damu

Mgonjwa ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi kwa kawaida huunganishwa na mashine ya kusafisha damu mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara. Wengi hurudi nyumbani wakiwa hoi. Watafiti wa mradi wa kimataifa wa SONG walipowauliza wagonjwa mambo yanayowaelemea, uchovu ulikuwa miongoni mwa yaliyotangulia. Vipimo vya damu havimwonyeshi daktari uchovu huo; lazima aulize.

Je, mazoezi yanaweza kuwaongezea nguvu wagonjwa hawa? Nchini Ujerumani, utafiti uliochapishwa 2023 ulihusisha wagonjwa 917. Baadhi walifanya mazoezi wakiwa kwenye mashine: kuendesha pedali kitandani, kunyanyua vyuma vidogo, chini ya uangalizi. Kipimo kilikuwa chepesi: unainuka kitini na kuketi tena mara ngapi kwa dakika 1? Baada ya mwaka, waliofanya mazoezi walipanda kutoka wastani wa mara 16 hadi 19. Wenzao walishuka chini ya 15.

Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Anayeinuka mwenyewe huenda msalani bila kushikwa mkono. Ila mgonjwa asianze kabla daktari hajamkagua moyo.