Ulisomea kompyuta gani?

Kila mwaka karibu na Oktoba, KTDA ikishalipa bonasi ya majani chai, ngazi za majengo ya mjini Kisii huchangamka. Juu ya kila mlango kuna bango: kompyuta miezi mitatu, cheti uhakika, karibuni. Mzazi ametoka Nyamira na pesa mkobani, kando yake mtoto aliyemaliza kidato cha nne, na wote wawili wanajua jambo moja tu: siku hizi bila kompyuta huendi mbali.

Mimi nilikuwa mtoto huyo. Nilikuwa na C- ya KCSE na nilikuwa nimekaa nyumbani tangu matokeo yatoke, nikichuma chai. Mama alilipa karo yote kwa siku moja kwa sababu tuliambiwa anayelipa yote hupunguziwa.

Tulikuwa watu kama ishirini kwa mashine sita. Tulifundishwa kuandika barua, kuchora majedwali, kupamba slaidi, kutuma barua pepe. Mtaani tunaziita pakeji. Sitaki kuzitukana, maana zilinipa vidole vinavyojua kibodi, na hilo si dogo. Shida ilikuwa jina. Chuo kiliita “kusomea kompyuta”, mimi nikaita hivyo, na mama akawaambia majirani kwamba mtoto wake sasa ni mtu wa ICT.

Baadaye nikasikia shule moja ya sekondari inatafuta kijana wa kuangalia maabara yao ya kompyuta. Nikaenda na cheti changu chenye mhuri wa dhahabu. Mwalimu hakukisoma sana. Alinipa kipande cha waya wa mtandao, vichwa viwili vya plastiki na koleo ya kubania, akasema nimtengenezee waya unaofanya kazi. Ukichuna ule waya unakuta nyaya nane ndogo, kila moja na rangi yake. Sikujua hata zinaanzia wapi. Mwalimu hakunicheka, na hapo ndipo paliponiuma zaidi. Alisema tu, “Kijana, nenda usome.” Nami nilidhani nimesoma.

Kama bonasi ya mwaka huu bado iko kwa simu ya mzazi wako, nisikilize kidogo.

Pakeji ni kujua kutumia kompyuta. ICT ni kujua kompyuta yenyewe: kuifungua na kuitengeneza, kuunganisha mashine arobaini zisomane, kupanga hifadhidata, kuandika programu, kuunda tovuti, kuzuia wezi wa mtandaoni. Hizo ni kozi mbili tofauti, zenye muda tofauti na bei tofauti. Ukiuziwa ya kwanza kwa jina la pili, umeibiwa hata kama risiti unayo.

Na vyuo vya umma vya kufundisha ICT yenyewe viko hapa hapa. Kisii National Polytechnic ndiyo kongwe. Wazee bado wanaiita Gusii Institute, kwa sababu ilianza kama Gusii Institute of Technology mapema miaka ya 1970, wakati wananchi sehemu nyingi za Kenya walikuwa wakichanga pesa za harambee kujenga vyuo vyao wenyewe. Ilipandishwa hadhi kuwa politeknika ya kitaifa mwaka wa 2016. Kuna Keroka Technical Training Institute, kwenye mji ambao Kisii na Nyamira zimekuwa zikivutania mpaka. Upande wa Nyamira kuna Ekerubo Gietai. Chini ya hivyo kuna vyuo vya ufundi vya kaunti, zile zilizokuwa politeknika za kijiji, ambavyo usividharau ikiwa gredi yako ni ya chini kabisa.

Gredi zenyewe zinasumbua watu bure. Kwa diploma, ambayo kwa mtaala mpya wa umahiri inaitwa Level 6, unahitaji C-. Kwa cheti, Level 5, unahitaji D. Aliye na D- anaanzia Level 4 na kupanda ngazi. Yaani mimi na C- yangu ningeenda moja kwa moja kusomea diploma siku ileile mama alipokuwa akihesabu noti kule ghorofani. Hakuna aliyetuambia. Nasi hatukuuliza.

Karo je? Hapa ndipo wazazi wengi huruka wakidhani chuo cha serikali ni ghali. Kuanzia 2018 mpango ulikuwa kwamba karo ya mwaka ilikuwa Sh56,420, serikali ilitoa Sh30,000 kwa mwanafunzi aliyepelekwa na KUCCPS, na zilizobaki, Sh26,420, ungeweza kuomba mkopo wa HELB. Viwango hivi vimeguswaguswa tangu mfumo mpya wa ufadhili uje, kwa hivyo uliza chuoni karo ya muhula huu. Pia jipange, maana hizo pesa za serikali zina tabia ya kuchelewa na wewe bado utahitaji kula na kulipa nyumba. Lakini usijiunge kwa mlango wa nyuma bila kupitia KUCCPS halafu ushangae kwa nini unalipa kuliko mwenzako wa dawati moja.

Ukivutiwa na chuo cha kibinafsi, sawa, viko vizuri pia. Uliza mambo mawili tu kabla ya kutoa shilingi. Kwanza, kimesajiliwa na TVETA? Hiyo ni mamlaka iliyoundwa na sheria ya mwaka wa 2013, na orodha ya vyuo vyake iko mtandaoni. Pili, nani anatahini? Wakitaja TVET CDACC, KNEC au KASNEB, endelea kusikiliza. Wakisema “sisi wenyewe”, shuka ngazi.

Sasa nisikupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Hata kwenye chuo kizuri, darasa linaweza kuwa kubwa na mashine chache, na stima ikipotea somo la vitendo linageuka kuwa la kunakili ubaoni. Nilipojiunga hatimaye (mwaka mwingine, bonasi nyingine), niligundua wanaotoka wakijua kazi ni wale wenye mahali pa kuharibu vitu. Wengine walinunua kompyuta mbovu za mitumba wakazifungua hosteli. Mimi nilijipachika kwa saiba.

Saiba ya Kisii ni shule. Juni ikikaribia kwisha, foleni inatoka hadi barabarani kwa sababu marejesho ya KRA yanafungwa tarehe 30. Kuna mzee anayetaka cheti cha kuzaliwa kwa eCitizen na amesahau nenosiri, kuna mwalimu wa TSC, kuna msichana wa HELB. Printa inakwama, ruta inazima, na hakuna wa kumwita isipokuwa wewe. Nilijifunza mitandao pale kuliko mahali popote. Lakini saiba pia inameza watu: unaona mia tano kwa siku, unaanza kukosa darasa, mwishowe umri umeenda na bado unachapia watu barua.

Kuna pia waliodhani kipakatalishi na bando vinatosha. Vijana wengi walikuwa wakiandikia wanafunzi wa ng'ambo insha kwa malipo. Uingereza ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka wa 2022, na Novemba mwaka huohuo ChatGPT ikatoka. Wengi wao sasa wanatafuta kozi. Kazi halali za mtandaoni zipo, na mafunzo ya Ajira Digital yamekuwepo tangu 2016, ila hata huko anayejua kuunda kitu hulipwa kuliko anayejua kukitumia.

Kuhusu zile nyaya nane: chungwa na nyeupe, chungwa, kijani na nyeupe, buluu, buluu na nyeupe, kijani, kahawia na nyeupe, kahawia. Naweza kuzipanga gizani. Nilirudi kwa shule ileile nikafanya mafunzo yangu ya nyanjani, na mwalimu yule akanipa koleo ileile.

Oktoba iliyopita mama alinipigia simu. Jirani yetu amelipwa bonasi na anataka kijana wake asomee kompyuta, wako njiani kuja mjini, niwaelekeze.

“Mama,” nikamwambia, “waambie wasilipe popote kabla hawajanifikia. Na kijana aje na slipu ya matokeo.”